Mifupa Yetu na Chakula Chetu: Tuliyojifunza Safari ya Mtwara



Tangu turudi kutoka Mtwara wengi wenu mmetuuliza, njiani na msikitini, tumerudi na nini. Habari za korosho tulizoziona Naliendele, za kupogoa na za kupuliza salfa kwa ajili ya ubwiri unga, zitapata nafasi yake katika toleo lijalo. Leo twapenda kueleza jambo jingine ambalo hatukutumwa kulitazama, walakini tumeona lawahusu wanachama wetu kuliko korosho. Nalo ni habari ya mifupa kupungua nguvu kwa watu wazima.

Mnajua yaliyompata mwenzetu msimu uliopita. Mtu wa miaka sitini na kitu, mpandaji hodari tangu ujana wake, ambaye hakuna tawi la mkarafuu lililowahi kumtupa. Hakuanguka mtini. Aliamka alfajiri kwenda kufunua karafuu zake, akateleza pembeni ya jamvi lililolowa umande, akaangukia ubavu. Kuanguka kwake hakukuzidi kimo cha mtu aliyesimama, na nyonga ikavunjika. Hakurudi tena shambani, na kabla ya msimu mwingine kuingia tulimzika. Katika daftari la Chama huandikwa waliodondoka mikarafuuni. Yeye hakuandikwa, kwa kuwa hakudondoka. Jambo hili limetukaa moyoni.

Na sisi tunaoandika tuna la kusema la nyumbani kwetu. Mama yetu alivunjika kifundo cha mkono miaka kadhaa iliyopita, kwa kujishika tu alipojikwaa kizingitini. Alifungwa plasta katika hospitali moja, akarudishwa nyumbani, na hapana aliyeuliza kwa nini mkono wa mtu uvunjike kwa jambo dogo kama lile. Wala sisi hatukuuliza, na skuli tumesoma. Tukasema ni uzee. Baada ya hapo mgongo wake ukaanza kupinda kidogo kidogo. Rafu anayowekea msahafu wake ilikuwa ikimfika kifuani. Leo hutuita tumteremshie. Mtu hapungui kimo bure. Aghalabu pingili za uti wa mgongo huwa zimebonyea moja baada ya moja, mara nyingine bila ya maumivu makubwa, na mwenyewe asijue.

Sasa tuje Mtwara. Kutoka Dar es Salaam mtu huenda kwa basi, huvuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, akapita Lindi na Mikindani. Tulipomaliza kazi yetu Naliendele wenyeji wetu walitupeleka Msimbati, kijiji kilicho upande wa kusini katika hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Mto Ruvuma, iliyowekwa mwaka 2000. Ukiendelea kusini waukuta mto wenyewe, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Maji yalikuwa ya bamvua, pwani imekauka mbali, na wanawake wamejaa kule chini, wengine wakichokoa pweza, wengine wakitanda visamaki na uduvi kwa nguo.

Akapanda kutoka pwani bibi mmoja, ndoo kichwani, mgongo umenyooka kama mlingoti. Tukamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitika, "Marahaba wanangu, hamjambo?" Tukamwuliza umri wake, akacheka. Akasema haujui kwa hesabu, ila mama yake alikuwa akimbeba mgongoni mwaka wa tufani. Tufani ile ilipiga pwani ya Lindi na Mtwara mwezi wa Aprili 1952, basi mtajua wenyewe bibi yule ana miaka mingapi. Mmoja wetu akamwuliza ale nini kila siku hata akawa vile. Akamtazama kama anayeuliza upuuzi. "Mwanangu, nala kinachotoka pwani na kinachotoka shamba. Nile nini kingine?"

Mtu mmoja si ushahidi, na hatusemi kuwa watu wa Msimbati wana mifupa bora kuliko yetu. Hapana aliyeipima. Walakini jibu lake lilitufanya tutake kujua, na tuliporudi tulikaa na tabibu mmoja akatufafanulia mambo, nasi tukasoma mengine.

Wengi wetu twaudhani mfupa kuwa kama jiwe au boriti, ukishakua umekwisha. Sivyo. Mfupa ni kitu hai. Ndani yake kuna wafanyakazi wa namna mbili, wale wanaobomoa mfupa mkuukuu na wale wanaojenga mpya, na kazi hiyo haisimami maisha yote. Utotoni na ujanani wajenzi huwazidi wabomoaji. Hata kufika miaka ishirini mtu huwa amekwisha kupata sehemu kubwa sana ya mfupa atakaokuwa nao, na kufika thelathini hivi ghala limejaa kadiri litakavyojaa. Baada ya hapo mambo husimama sawa kwa muda, halafu wabomoaji huanza kushinda. Kwa wanawake, hedhi ikishakatika, upungufu huenda mbio katika miaka mitano mpaka kumi ya mwanzo, kwa kuwa homoni iliyokuwa ikiwazuia wabomoaji imepungua. Kwa wanaume huenda polepole, lakini huenda.

Madini yanayoupa mfupa ugumu ni kalisiamu, yale yaliyomo katika chokaa. Damu nayo yahitaji kalisiamu kila saa, kwani moyo haupigi sawasawa bila yake wala misuli haifanyi kazi. Ikiwa chakula cha leo hakikuleta ya kutosha, mwili hauombi ruhusa. Hufungua ghala la mifupa na kuchukua. Mkulima wa karafuu hahitaji maelezo zaidi. Anayetoa ghalani kila siku asiingize kitu, siku moja atafagia sakafu.

Basi chakula. Mtu mzima yampasa apate kalisiamu kiasi cha miligramu 1000 kwa siku, na mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi azidishe kidogo. Bilauri ya maziwa ina kama miligramu 300. Mtasema maziwa hapa ni ya mgonjwa na ya mtoto, nasi twakubali. Ng'ombe wetu si wengi, na maziwa ya unga ni ghali. Hapo ndipo jibu la bibi wa Msimbati lina maana. Dagaa wakavu wanaoliwa wazima, na kichwa na miiba yao, wana kalisiamu inayoweza kupita miligramu 1000 katika gramu 100. Konzi moja nzuri ya dagaa ni sawa na bilauri ya maziwa. Lakini waliwe wazima. Wako watu, khasa wa mjini, wanaokaa kitako kuwang'oa dagaa vichwa na miiba kwa usafi, wakala kinyama na kuwatupia paka mifupa. Paka wao hawatapinda mgongo.

Na wasiseme watu kuwa haya ni maneno ya maskini kujifariji. Mwaka 1999 madaktari waliokuwa wakifanya kazi Jos, Nigeria, walitangaza matokeo ya kuwatibu watoto wenye matege. Nchi ile ina jua tele, watoto wacheza nje mchana kutwa, na bado miguu yao ilipinda. Waliopewa kalisiamu walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Kumbe kilichokosekana hakikuwa jua, ni kalisiamu katika chakula chao, nacho kilikuwa nafaka tupu. Baadaye, mwaka 2015, zikatoka habari kuwa kule kule Nigeria wamejaribu kuwapa watoto wenye matege samaki wakavu waliosagwa pamoja na mifupa yao, na wengine unga wa mawe ya chokaa uliotengenezwa kwa kazi hiyo, na watoto wengi wakapata nafuu. Samaki wa kusagwa na miiba yake, mabwana. Tunaye hapa pwani.

Tuseme hapa hapa, maana twawajua wenzetu: chokaa ya tambuu siyo dawa inayosemwa. Ile huunguza kinywa, na popo inayotafunwa nayo imethibitishwa kuleta saratani ya mdomo. Asije mtu ofisini kutuambia kuwa Katibu ameandika tambuu hujenga mifupa.

Kitu cha pili tulichokiona kule ni ufuta. Mikoa ya Lindi na Mtwara yalima ufuta kwa wingi, na ingawa mwingi huuzwa, vijijini bado hukaangwa, hutwangwa na kutiwa katika mboga. Kisamvu cha ufuta tulikila Mtwara mara tatu, na mara ya tatu tuliomba wenyewe. Ufuta mzima, usiokobolewa, una kalisiamu nyingi sana. Vijiko vitatu vya mezani vyakaribia miligramu 250, ijapokuwa mwili hauichukui yote. Ukikobolewa ukawa mweupe, sehemu kubwa ya kalisiamu huondoka na maganda. Basi ule mweupe mzuri wa dukani ni mzuri kwa macho. Ununue wenye ganda, ukaukaange, ukautwange usagike, kwani punje nzima hupita tumboni kama ilivyoingia.

Majani nayo husaidia, lakini si yote sawa. Mchicha una kalisiamu, ila una pia tindikali inayoishika isiachie, na mwili hupata kidogo. Tusiuache, una faida nyingine. Tusiutegemee tu kwa mifupa. Majani ya mlonge ni bora, na mlonge huota hapa kama magugu. Unga wa ubuyu nao una kalisiamu nzuri. Kunde, mbaazi na choroko huleta kidogo, pamoja na protini, nayo ni kitu kisichosahaulika, kwa kuwa mfupa si chokaa tupu. Nusu ya ujazo wake hivi ni protini na maji, na mzee anayekula ugali kwa chai huupunguza mfupa na msuli pamoja.

Korosho je? Watu wa Mtwara watusamehe. Ni tamu, ina madini mengine ya faida, na magnesiamu yake ni nyingi, lakini kalisiamu yake ni haba. Muhogo, ambao ndio chakula kikuu kule na kwetu pia, unayo kidogo mno. Dago lililojaa makopa na chai kavu halilishi mifupa ya mchumaji.

Chumvi hatuna budi kuitaja. Chumvi nyingi huitoa kalisiamu mwilini kwa njia ya mkojo. Papa mkavu na ng'onda, wapenzi wetu wote, walowekwe, maji yamwagwe, halafu ndipo wapikwe. Na dagaa vivyo hivyo ikiwa wamekaushwa kwa chumvi.

Sasa jua. Kalisiamu ikiingia tumboni haichukuliwi vizuri ila kuwe na vitamini D, na sehemu kubwa ya vitamini hiyo mwili hujitengenezea wenyewe ngozi inapopigwa na jua. Mwaka 2012 wataalamu walitangaza vipimo vya damu za Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi maisha ya asili, nje mchana kutwa. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, na madaktari wengi huridhika na 50. Basi mtu mweusi wa nchi ya jua aweza kuwa nayo tele. Lakini jua la nje halimfikii aliye ndani. Ndugu zetu walioko Maskati na Ghuba wanalo jua kali kuliko letu, na wanawake wengi wa huko wamepimwa wakakutwa na upungufu mkubwa, kwa kuwa hukaa ndani na wakitoka hufunikwa na nguo tangu kichwa mpaka unyayo.

Twasema haya kwa adabu, na hatumwambii mtu avue buibui. Sitara ina mahali pake na jua lina mahali pake. Nyumba zetu zina ua. Mama aweza kukaa uani asubuhi, hapana mgeni, mikono na miguu wazi, akachambua karafuu au mchele kwa nusu saa, siku nyingi za juma. Ngozi nyeusi yahitaji muda zaidi kuliko nyeupe. Nyuma ya kioo cha dirisha haifai, kwani kioo huzuia mwanga ule unaotakiwa. Wanaojenga siku hizi nyumba zisizo na ua, za kupandiana ghorofa, wafikiri mama zao watakaa wapi.

Jambo la nne ni kazi, na hili ndilo lililokuwa wazi zaidi kwa bibi wa Msimbati. Mfupa hujengwa unapobebeshwa. Wale wachezaji wa tenisi, wakipigwa picha, mfupa wa mkono unaoshika kipigio huonekana mnene kuliko wa mkono wa pili. Na wale waliorushwa katika vyombo vya angani, ambako mwili hauna uzito, hupoteza kiasi cha asilimia 1 mpaka 1.5 ya mifupa ya nyonga kila mwezi, na hali ni vijana hodari waliochaguliwa na wanaokula vizuri. Ikiwa mtu huyo yu hivyo, basi mzee aliyewekwa kitini na watoto wake kwa heshima, asiinue hata kopo la maji, tutegemee nini? Sisi wenyewe tulimfanyia mama yetu hivyo baada ya kuvunjika mkono. Tulidhani twamwonea huruma.

Kutembea kwa miguu kwenda shamba, kupanda kilima, kulima, kubeba mzigo wa kiasi, kuinuka na kukaa, vyote husaidia. Mwenye nguvu ya kusujudu chini asikimbilie kiti mapema. Kuogelea ni kuzuri kwa moyo, lakini maji humbeba mtu na mfupa haupati mzigo. Ila aliyekwisha kupinda mgongo au kuvunjika, asiinuliwe ari na maneno haya akaenda kunyanyua gunia. Kuinama na kunyanyua kizito kwaweza kubonyeza pingili nyingine. Huyo atembee, ajinyooshe, afundishwe na wajuao.

Tumbako hudhuru mifupa, ya kuvuta sana sana. Ulevi nao, na huo hudhuru mara mbili, kwa kuudhoofisha mfupa na kumwangusha mwenyewe. Huko Mtwara msimu wa mabibo una uraka wake, na hapa kwetu hatutaji. Dawa kama prednizoloni, wanayopewa wenye pumu kali na maradhi ya viungo, ikitumiwa miezi mingi hupunguza mifupa. Asiiache mtu ghafla, kwani kuiacha ghafla kuna hatari. Amwulize daktari wake.

Mwulize pia daktari ikiwa umepita miaka hamsini na umevunjika kwa kuanguka kwa kawaida, au kimo chako kimepungua. Picha ya eksirei ya kawaida isikudanganye, kwani haionyeshi upungufu ila umekuwa mkubwa, kama theluthi hivi ya mfupa imekwisha kwenda. Kiko kipimo maalumu, na Shirika la Afya Duniani liliweka kiwango chake mwaka 1994, lakini mashine zake ni chache nchini na ziko katika miji mikubwa. Dawa zipo. Iko moja inayomezwa mara moja kwa juma, asubuhi kabla ya kula, kwa bilauri nzima ya maji, na mtu asilale wala asile kwa nusu saa, la sivyo huunguza koo. Mama yetu ndiyo anayoitumia. Vidonge vya kalisiamu visinunuliwe ovyo dukani kwa kusikia. Vikizidi huweza kuleta mawe katika figo.

Tena watu wasivunjike kwa mambo madogo. Katika nchi nyingi zilizofanya hesabu, katika wazee watano waliovunjika nyonga, mmoja au zaidi hufariki kabla ya mwaka kuisha. Jamvi liwekwe mbali na njia ya kupita, na kingo zake zisikunjamane. Aanikae alfajiri achukue taa na avae kiatu chenye mshiko, si kandambili zilizolika. Njia ya chooni iwe na mwanga usiku. Mzee mwenye mtoto wa jicho apelekwe akatibiwe, maana asiyeona ndiye aangukaye.

Mwisho, wanachama, iko kazi ya Chama. Posho ya chakula katika madago yetu kwa miaka mingi imekuwa muhogo, mchele, sukari na majani ya chai. Wachumaji wetu wengi ni vijana wa miaka kumi na minane mpaka ishirini na mitano, na wao ndio wanaojaza ghala sasa hivi. Tumeiandikia Kamati kuomba ruhusa ya kupunguza sukari na kuingiza dagaa wakavu na kunde, na ufuta kila utakapopatikana kwa bei nzuri kutoka Mtwara. Wajumbe wawili wamekwisha kusema kuwa vijana hawatakula. Jambo litasomwa katika mkutano mkuu kabla ya kufunguliwa msimu, na kila mwenye dago aje na hesabu ya watu wake na ya sukari aliyotumia mwaka jana. Pia waliovunjika nyumbani, si mkarafuuni tu, majina yao yaletwe ofisini tuyaandike daftarini. La mwenzetu tumekwisha kuliandika.